Kodi ya Kivuli na Sikio la Spika

Haikuwa zamani wala kale. Ilikuwa Juni hii iliyopita, wakati wa bajeti, katika nchi ambayo sitaitaja jina kwa sababu wakubwa wake wanaipenda ikiwa kimya. Mimi naipenda kuliko wengi. Nimeitumikia miaka kumi na minane nikiwa mbeba mwavuli wa Spika wa Bunge, kazi inayotaka mkono usiochoka na mdomo usiofunguka, na katika muda wote huo sijawahi kuona serikali imara kama ile ya Mheshimiwa Daktari Ngwembele. Nasema mapema ili msomaji asije akanielewa vibaya huko mbele.

Bunge letu lina wabunge tisini na tisa, na chama kinachotawala kina arobaini na mmoja. Mtu mwenye haraka atasema hiyo ni serikali ya wachache. Magazeti mawili yaliwahi kuandika hivyo, kabla hayajapata matatizo ya mtambo. Ni kweli kwamba upinzani una wabunge hamsini na wanane, lakini hao wametoka katika vyama kumi na kimoja, na viongozi wao kumi na mmoja hawajawahi kukubaliana nani awe Waziri Mkuu. Baada ya uchaguzi walialikana hotelini wakaelewane. Mkutano ukavunjikia mlangoni, kwa sababu kila kiongozi alitaka kuingia wa kwanza na hakuna aliyekuwa tayari kuingia nyuma ya mwenzake. Wakarudi makwao, na kesho yake Daktari Ngwembele akaapishwa, kwa kuwa ndiye peke yake aliyefika.

Mtauliza watu arobaini na mmoja wanawashindaje watu hamsini na wanane. Ni mila tu. Kwetu sisi kuhesabu watu ni mkosi. Mama akiulizwa ana watoto wangapi husema wapo, na mwenye hekima haongezi swali. Kwa hiyo wazee walioandika kanuni za Bunge waliona ni aibu wabunge wazima kuhesabiwa kama mbuzi wa mnadani. Spika huuliza, wanaoafiki husema ndiyo, wasioafiki husema siyo, yeye husikiliza, na upande uliosikika zaidi umeshinda. Mbunge anayetaka kura zihesabiwe anaruhusiwa kabisa kuomba. Ombi lake nalo huamuliwa kwa ndiyo na siyo.

Serikali ililielewa jambo hili mapema. Kila alfajiri mawaziri walikusanyika nyuma ya kantini ya Bunge chini ya mwalimu wa kwaya, wakavuta pumzi, wakaitoa ndiyo moja nzito kama mlango wa ghala. Upinzani ulikuwa na watu wengi zaidi na hoja nzuri zaidi, lakini hakuna kiongozi aliyekubali kuonekana anafuata siyo ya mwenzake. Basi walizitoa moja moja, chama hiki sasa, chama kile baadaye kidogo, na zilipofika kwenye kiti cha Spika zilikuwa kama matone ya kwanza ya mvua juu ya bati. Mheshimiwa Lwambano, Spika wetu, ana sikio moja tu linalofanya kazi, la kushoto, na fundi aliyeweka kiti chake alikigeuza kidogo sikio hilo likatazama upande wa Serikali. Mimi naamini ilikuwa bahati mbaya ya fundi, ambaye siku hizi ana duka kubwa la samani.

Hata hivyo serikali inayoishi kwa koo inahitaji kutunzwa. Waziri wa Mifugo alipopata mafua, muswada wa barabara uliahirishwa wiki mbili. Barafu ilipigwa marufuku kantini. Tangawizi yote ya mkoa wa milimani ilinunuliwa kwa matumizi ya dola, nasi wengine tukanywa chai kavu. Ulitoka hata waraka wa siri unaowaomba wake za mawaziri wasiwagombeze waume zao, kwa maana mume hujibu, na kujibu kunachosha koo. Nchi nzima ilikuwa inatembea kwa ncha za vidole kuizunguka serikali hiyo imara.

*

Tatizo lilikuwa hazina, ambayo ilikuwa tupu. Waziri wa Fedha, Mheshimiwa Nganda, aliyesoma katika nchi tatu za mbali na kurudi na miwani tofauti kutoka kila moja, alikuwa amekwisha kutoza kila kitu. Alitoza chumvi, kiberiti na kofia. Alitoza kodi ya kupiga simu, halafu akatoza kodi ya kutopiga, kwa ajili ya wale waliodhani wamemkwepa. Watu walilalamika, lakini walilalamika kwa sauti ya chini, na kwa kanuni zetu sauti ya chini imeshindwa.

Jumamosi moja alasiri Mheshimiwa Nganda alikuwa barazani kwake akiwatazama walinzi wake. Aliona kwamba kila baada ya muda wanasogeza benchi lao kufuata kivuli cha ukuta. Walisogeza mara nne. Ndipo alipogundua, kama alivyotueleza baadaye huku machozi yakimlengalenga, kwamba watu hawa walikuwa wanatumia kitu na hawakilipii.

Jumatatu akasimama bungeni na kusema: "Mheshimiwa Spika, tangu Uhuru kivuli cha nchi hii kimetumiwa kiholela. Wananchi wanakaa humo, wanalala humo, wengine wanafanyia biashara humo, na Serikali yako tukufu haipati hata ahsante. Kivuli ni rasilimali ya taifa. Kinatokana na jua, na jua, Mheshimiwa Spika, halikuletwa na mtu binafsi."

Kabla ya muswada kufika, Wizara iliendesha majaribio katika Soko la Kigonde, hapa hapa mji mkuu. Maafisa walifika saa sita mchana wakiwa na utepe wa kupimia, wakakuta vivuli vyote vimejikunja chini ya wenyewe. Habari ikaenea. Kesho yake saa sita watu walipanga foleni kutoka mitaa yote, na nyumba zisizoweza kuja ziliombewa wapimaji, kila mtu akitaka apimwe wakati huo huo na apewe cheti cha kutokuwa na kivuli. Vyeti elfu nne vilitolewa kwa siku moja, na maafisa waliwashukuru wananchi kwa mwitikio.

Mheshimiwa Nganda alipoisoma ripoti akaelekeza kipimo kifanyike saa kumi na moja jioni. Saa hiyo kibanda cha muuza vitumbua kilikuwa kimelaza kivuli chake juu ya fundi viatu, na kivuli cha fundi viatu kimepanda ukutani kwa kituo cha polisi. Ikabidi itolewe tafsiri rasmi. Mwenye kibanda angelipa kwa kuzalisha kivuli, jirani angelipa kwa kukipokea, na kituo cha polisi kingesamehewa kwa sababu kilikuwa kazini. Kuhusu mwavuli, Wizara iliamua kwamba mwenye kivuli ni anayeushika, si aliye chini yake. Kwa hiyo kivuli cha Mheshimiwa Spika, mita moja na nusu, kiliandikwa kwa jina langu, nami nilifika nyumbani nikamweleza mke wangu heshima hiyo. Yeye alichukua chakula changu akakirudisha jikoni.

Watu wa nchi yetu ni wavumilivu, ila hili liliwachoma, na simaanishi jua peke yake. Walianza kung'oa mabati ya vibaraza vyao kabla sheria haijapita. Vinyozi walinyolea uwanjani. Katika zahanati moja wagonjwa walikaa juani wakisubiri daktari, naye daktari alipotoka alikuta wana ugonjwa mwingine.

*

Sasa niwaeleze habari za Sikudhani. Huyu ni mkaanga samaki wa Soko la Kigonde, mjane, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, na mimi nimekula perege wake kila mchana tangu alipoanza. Kwa miaka tisa alikaangia juani, kanga kichwani, moto mbele na jua mgongoni. Kisha akajinyima, akanunua bati moja, na lingine, hadi yakafika kumi na mawili, akasimamisha kibanda. Hakukaa peke yake. Aliwaita wanawake saba waliokuwa wakiuza nyanya na mchicha pale wazi, bidhaa zao zikinyauka kabla ya adhuhuri, akawaambia wasogee ndani. Mmoja wao alikuwa mjamzito, na mtoto alizaliwa chini ya bati lile kati ya matenga mawili, kwa afya njema.

Siku ya kipimo cha jioni kivuli cha kibanda kile kilionekana ndicho kikubwa kuliko vyote sokoni. Afisa alimwambia kwamba sheria ikipita ana mambo mawili: alipe kiasi ambacho samaki wa ziwa zima wasingekitosha, au aondoe mabati manane. Alimuuliza afisa, katika wale saba, aanze kumtoa nani juani. Afisa alisema hilo halimo kwenye fomu.

Jambo lingine kuhusu Sikudhani ni sauti. Akiita wateja pale jikoni kwake, watu waliopo stendi, barabara mbili mbele, husimama. Nimewahi kuona basi lililokwisha kuondoka likigeuza.

Wakati huo huo Serikali ilipatwa na msiba. Mbunge wa Kigonde, aliyekuwa koo kubwa kuliko yote upande wa Serikali, alipasuka mshipa akiunga mkono nyongeza ya kodi ya viberiti. Madaktari walimwambia atanong'ona maisha yake yote, na kwa kuwa mtu anayenong'ona hana kazi kwenye siasa zetu, aliteuliwa balozi. Ukatangazwa uchaguzi mdogo. Hapo ndipo nilipokosea. Nikiwa nimemshikia Spika mwavuli, nikamtajia, katika kupiga soga tu, kwamba mimi namjua mama mmoja anayegeuza mabasi.

Kesho yake msafara wa magari kumi na manne uliingia sokoni. Daktari Ngwembele alishuka, akaomba samaki, akaomba pia mama aite wateja kama kawaida yake. Sikudhani akaita. Waziri Mkuu alishika ukingo wa meza, na alipomwacha samaki nusu sahanini macho yake yalikuwa yanang'aa. Akamwambia nchi inamhitaji.

Sikudhani alifuta mikono kwenye kanga. Akasema: "Mheshimiwa, mimi siasa siijui. Nataka kujua kitu kimoja. Nikikupa sauti yangu, bati langu litabaki?"

Waziri Mkuu aliweka mkono kifuani akasema soko lile halitaguswa. Msaidizi wake akatoa karatasi ili ahadi iandikwe. Sikudhani akakataa, akasema haandikishani na mtu mzima aliyekula kwake. Nilikuwepo. Nilifurahi sana, maana nilijiona mimi ndiye niliyeliokoa soko.

Akachaguliwa kwa kura nyingi, na wale wanawake saba ndio waliompigia kampeni mtaa kwa mtaa. Wiki yake ya kwanza bungeni, ile ndiyo ya Serikali ilitikisa maji kwenye bilauri ya Spika. Miswada sita ilipita kabla ya chai. Wapinzani wengine waliacha hata kufungua midomo, na Daktari Ngwembele aliutangazia ulimwengu kwamba serikali yake sasa inaungwa mkono kuliko wakati wowote katika historia.

*

Muswada wa Kodi ya Kivuli ulipochapwa, Sikudhani alinitafuta kwenye korido nimsomee, kwa sababu maandishi yake yalikuwa madogo kama chawa. Kifungu cha sita kilikuwa na msamaha. Kilisema masoko yote yenye kuta nne hayatatozwa. Nilimsomea kwa furaha, na nilipoinua uso niliona hana furaha hata kidogo. Soko la Kigonde lina kuta tatu. Ukuta wa nne umo kwenye bajeti kila mwaka kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa, na kila mwaka hupigiwa makofi.

Alikwenda kwa Waziri Mkuu, nami nikamsindikiza hadi mlangoni. Waziri Mkuu alimpokea vizuri, akamkumbusha kwamba ahadi imetekelezwa na imo ndani ya sheria kabisa. Alipoambiwa habari za ukuta akasema ukuta umo kwenye bajeti. Sikudhani akauliza ni bajeti ya mwaka gani. Akajibiwa ni ya kila mwaka. Kisha akapewa paketi ya tangawizi na kuombwa apumzishe koo mpaka Ijumaa.

Jioni hiyo nilikwenda kula kwake, maana hata akiwa mbunge aliendelea kukaanga akitoka bungeni. Nilikuta kibanda kitupu. Wale wanawake saba walikuwa wamehamia juani na matenga yao yote, hatua kumi tu kutoka kwenye bati, wamekaa wakimpa mgongo. Walikuwa wamesikia kwamba Ijumaa atasema ndiyo, na mmoja wao, yule aliyejifungulia pale, alikuwa amemwambia kwamba hawakai kwenye kivuli cha mtu wa Serikali. Sikudhani alikuwa anageuza samaki kwenye karai bila kuita mteja. Alilia, ila si kwa sauti. Mimi nilikula samaki wangu haraka nikaondoka, na ni kweli niliona haya, kwa kuwa mtu aliyempeleka kule ni mimi.

Viongozi wa upinzani nao walimfuata, kila mmoja peke yake. Wote kumi na mmoja walimsihi aseme siyo. Aliwauliza kwa nini wasiseme wote pamoja, kwa mara moja. Kila mmoja alikiri hilo ni wazo zuri mno, mradi yeye ndiye aanze.

*

Ijumaa ilikuwa ya jua kali. Nje ya Bunge watu walijaa hadi kwenye mzunguko wa barabara, hakuna aliyefungua mwavuli, wakihofia maafisa. Kwenye roshani ya wageni waliruhusiwa watu wachache, na kati yao niliwaona wale wanawake saba wamekaa safu moja, kanga zimefungwa kiunoni.

Mheshimiwa Nganda alihutubia saa mbili na nusu. Alituambia kwamba katika nchi zilizoendelea kivuli kinaheshimiwa. Alituonyesha ramani ya nchi saa kumi na moja jioni, nyeusi karibu yote, na akasema ule weusi wote ni maendeleo yanayosubiri. Kisha Spika akahoji.

"Wanaoafiki waseme ndiyo."

Serikali ikasema ndiyo. Ilikuwa ndiyo ya kawaida, ndiyo ya watu waliofanya mazoezi, lakini maji ya bilauri hayakutikisika. Waziri Mkuu aligeuka kutazama kiti cha nyuma alikoketi Sikudhani. Sikudhani alikuwa amefunga mdomo.

"Wasioafiki waseme siyo."

Upande wa upinzani walianza kutazamana. Chama cha kwanza kilisubiri cha pili, cha pili kikasubiri cha tatu, na kabla hawajamaliza kusubiriana Sikudhani akasimama. Akaivuta pumzi ile ya sokoni, akasema siyo.

Sijui niwaelezeje. Bilauri ya Spika ilianguka. Njiwa waliokuwa darini miaka yote waliondoka na hawajarudi. Watu wa nje waliisikia, na wakaanza kushangilia wakijua yamekwisha, maana katika nchi yetu aliyesikika zaidi ameshinda, na siku hiyo hapakuwa na mtu asiyesikia. Hata sikio la kulia la Mheshimiwa Lwambano, lililokufa akiwa mtoto, aliligusa kwa mshangao.

Spika alisubiri ukumbi utulie. Akarekebisha joho lake. Akasema: "Walioafiki wameshinda."

Sikudhani, akiwa bado amesimama, alisema, safari hii kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mzee wangu, hukunisikia?"

"Nimekusikia sana, Mheshimiwa," Spika akamjibu kwa upole. "Lakini umesema peke yako. Ndiyo walikuwa arobaini, wewe ni mmoja. Bunge haliendeshwi kwa kelele."

Mawaziri wakapiga makofi. Nadhani hawakuelewa mara moja, hata mimi sikuelewa. Aliyeelewa ni Sikudhani. Alitazama juu, kwa wenzake saba, halafu akamtazama Spika akamwambia: "Basi umetuhesabu. Umeanza mwenyewe. Tuhesabu na wote."

Makofi yakakatika. Kwa kanuni zetu alichofanya Spika akiwa kitini ni kanuni, na Spika alikuwa amehesabu watu hadharani, mbele ya siwa ya Bunge na mbele ya Waziri wa Dini, ambaye alikuwa amekwisha kutoa tasbihi mfukoni. Sikudhani akawageukia wapinzani. Hakupaza sauti. Aliwaambia wasiotaka kodi wasimame tu, hakuna haja ya kusema kitu, na wasigombanie kutangulia, kwa sababu aliyetangulia ni yeye na yeye si kiongozi wa mtu.

Nikaona kitu ambacho sikutegemea kukiona kabla ya kustaafu. Kiongozi mmoja aliinuka. Mwingine akamtazama, akapima, akaona kweli kumfuata mkaanga samaki hakumpunguzii cheo, akainuka. Benchi zikalia. Wakasimama wote, mpaka yule mzee wa chama cha kumi na moja ambaye hupelekwa kwa kiti cha magurudumu, aliyeshikiliwa na wawili.

Spika haoni mbali, na hata angeona, mkosi ni mkosi. Akaniita kwa kidole. Akaniambia nihesabu mimi, ili kama kuna balaa linipate mimi. Nikahesabu. Nilimnong'oneza sikio la kushoto kwamba ni hamsini na tisa.

Akafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Chande," akaniuliza taratibu, "una watoto wangapi?"

Nilielewa swali. Mtu haulizwi hivyo kwetu. Miaka kumi na minane nilikuwa nimemshikia mwavuli kwenye mvua na jua, na mkono wangu wa kulia ni mrefu kuliko wa kushoto kwa ajili yake, na hajawahi kuniuliza habari za watoto wangu hata walipougua. Nilishikwa na hofu, halafu nikashikwa na hasira, na hasira ilifika mdomoni kwanza. Nikamwambia wapo watano. Akasema basi nihesabu tena, pole pole, nikiwakumbuka. Nikahesabu tena nikiwakumbuka mmoja mmoja kwa majina. Kisha nikakisogeza kipaza sauti kwangu na kusema ni hamsini na tisa.

*

Msomaji asidhani serikali ilianguka. Kwa sheria, serikali iliyoshindwa kwenye kodi hujiuzulu, lakini hoja ya kujiuzulu nayo lazima ihojiwe. Jumatatu Spika alieleza kwamba kule kuhesabu kulikuwa kwa siku moja tu na kwa bahati mbaya, akahoji, na upinzani ukatoa ndiyo zake moja moja, kama siyo zake za zamani.

Tena tukafahamishwa kwamba Serikali haikushindwa. Ilisikia. Redio ilitangaza kuwa Daktari Ngwembele, kwa huruma yake, ameamua kuwaachia wananchi kivuli chao, na ikatangazwa siku ya kumshukuru, sherehe zifanyike Soko la Kigonde. Mimi nilikuwa nimekwisha kupangiwa majukumu mengine, ambayo mpaka leo hayajatajwa, kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kuhudhuria.

Waheshimiwa waliletewa turubai kubwa lenye feni. Watu wa soko walitolewa kwenye vibanda vyao na kupangwa kwenye viti juani mbele ya turubai ili waonekane vizuri kwenye televisheni wakishukuru. Sikudhani alipewa kiti cha mbele, na mfawidhi wa sherehe alimwomba aongoze shukrani kwa ile sauti yake. Alisimama. Kamera zote zikamgeukia. Akasema, kwa sauti ambayo Waziri Mkuu alilazimika kuinama ili aisikie, kwamba ameacha karai jikoni, na watu wana njaa. Akaondoka. Wale saba wakabeba matenga yao wakamfuata ndani ya kibanda, na soko lote, bila ugomvi wala neno, likaingia chini ya mabati yake na kuendelea na biashara.

Daktari Ngwembele alihutubia hata hivyo. Aliuliza kama kuna mwenye pingamizi na uongozi wake, na kwa kuwa mbele yake palikuwa na viti vitupu, aliridhika kwamba hakuna.

Hotuba ilipokwisha alisikia njaa, akatuma msaidizi aletewe samaki. Sikudhani alimrudisha, akasema kila anayekula ajipangie foleni mwenyewe. Basi Waziri Mkuu akaja kwa miguu. Kibanda kilikuwa kimejaa, na mkia wa foleni ulikuwa nje, juani, kwa sababu ndani palikuwa na watu. Alisimama pale nyuma ya mpiga toroli mmoja akitafuta nani wa kumpisha, na kila aliyemtazama alimsalimia kwa adabu na kubaki mahali pake. Kama zamu yake ilifika, sikuangalia. Nilikuwa nimekaa ndani kwenye benchi nachambua miiba.